Zulekha na Kinu cha Kauri

Zulekha binti Shehe hajui kukaa. Mpe kiti, atakikalia upande. Geuka umtilie chai, ukirudi umkute mlangoni anachungulia jua limefika wapi. Watu wa Msambweni wameshamzoea. Mamake, Bi Mishi, alikuwa akiwaambia wageni kwamba mtoto huyu hata tumboni hakumpa raha, na kwamba siku ya kuzaliwa alitoka mkunga hajavua buibui. Labda hapo alitia chumvi, lakini si nyingi.

Sasa mtu wa namna hiyo, asiyeweza kungoja hata chai ipoe, kazi aliyokwenda kujichagulia ni ya kungoja gizani. Wewe ona! Na kazi yenyewe haielezeki upesi. Akienda harusini au matangani, watu wakisikia yeye ni daktari, mara huyu anamwonyesha goti, yule anamfunulia mgongo. "Jamani, mimi si daktari wa kutibu," husema, na macho yameshaanza kuutafuta mlango. "Mimi nimesomea kemia ya vitu vyenye uhai. Natengeneza dawa inayolala."

Wakacheka weee. Lakini ndivyo ilivyo. Katika maabara ndogo ya utafiti, nje kidogo ya mji, Zulekha hutengeneza molekuli, yaani vichembe vya dawa vidogo mno visivyoonekana, ambavyo gizani havifanyi lolote. Vimulike kwa mwanga wa buluu, hapo vinaamka na kuua bakteria walio karibu navyo. Alichokuwa akikitafuta ni dawa ya vidonda sugu: umpake mgonjwa, umulike pale palipooza tu, na mwili wake uliobaki usijue kama kuna vita. Tena molekuli hizo zilitakiwa zing'ae rangi ya kijani chini ya hadubini, ili mtu aone kwa macho yake kama dawa imeingia ndani ya bakteria au imebaki nje inazubaa.

Kwa sababu mwanga ndio unaoiamsha, kazi yote ilifanywa katika chumba chenye taa nyekundu hafifu, na chupa zote zilifungwa karatasi ya fedha ile wanayofungia kuku wa kuoka. Tsofa, mwenzake wa maabara, mtu wa Kinango asiyekosa utani, aliziita chupa hizo wanawali wa Zulekha. "Hawatoki nje, hawaonwi na jua, na posa hawapati," alikuwa akisema. Zulekha alimwambia afunge domo na afunge mlango pia.

Ugonjwa huu wa mwanga aliuokota Diani, bado yuko shule ya msingi. Babake, marehemu Mzee Shehe, alikuwa bawabu kwenye ukumbi wa dansi wa hoteli moja huko. Jumamosi moja Bi Mishi alikuwa amekwenda kwenye msiba, kwa hiyo mzee alilazimika kwenda kazini na mtoto. Ilikuwa mchana, ukumbi ni mtupu, watu wanapiga deki. Mzee akataka kumchekesha, akawasha zile taa za zambarau za dansi. Shati la shule la Zulekha likawaka weupe, likawaka kabisa, kola na vifungo, hata doa la embe likaonekana jeusi katikati.

"Baba! Nani ameliwasha shati langu?"

"Ni sabuni ya mamako," mzee akajibu, na zaidi ya hapo hakujua.

Basi ikawa taabu. Zulekha aliwauliza walimu wote, mmoja baada ya mwingine, sabuni ina nini hata iwake. Mmoja alimchapa. Mwingine, wa sekondari, akamwambia kuna vitu hula mwanga wa aina moja na kuutoa kwa rangi nyingine, na kwamba akitaka kujua zaidi basi asome kemia mpaka walimu wamwishie. Alisoma hivyo hivyo. Alisoma Nairobi, akapelekwa Ulaya kwenye baridi ya kukausha midomo, akaandikwa daktari. Na kule alikuwa na kazi nzuri. Aliiacha, akarudi Msambweni, na wenye busara wote wa mtaa wakasema msichana amerogwa.

Hakurogwa. Alirudi kwa sababu ya mguu.

Bi Mishi alikuwa na sukari ya miaka mingi, na miguu yake ilikuwa haisikii kitu. Siku moja alikanyaga kaa la moto jikoni, akaendelea kupika samaki wa kupaka, na asijue mpaka aliponusa. Kile kidonda cha kidole gumba cha mguu wa kushoto hakikupona. Alipewa vidonge, akapewa sindano, akapewa vidonge vingine. Bakteria waliokuwa mle ndani walikuwa wamezizoea dawa kama mtu anavyozoea kelele za jirani. Zulekha alichukua usaha kidogo kwa kijiti, kwa ruhusa ya mamake na ya watu wa hospitali, akawapeleka bakteria wale maabara na kuwalea kwenye visahani. Kila asubuhi aliingia chumba chekundu akijua hasa anapigana na nani. Mwenzake mwingine yeyote angeiita hiyo sampuli. Yeye alikuwa akiwatukana.

Mwaka huo mdogo wake, Mwanamkuu, akaposwa. Na wakati huohuo daktari wa hospitali akamwita Bi Mishi, akamwambia bila kuzungukazunguka: kidole kimeanza kufa, kikatwe sasa, kidole peke yake, kabla ubaya haujapanda juu.

"Harusi kwanza," akasema Bi Mishi. "Siwezi kumtoa mwali huku nachechemea na bandeji. Na isitoshe, mwanangu ana dawa yake iko jikoni."

Zulekha alikuwa amesimama nyuma yake. Alilisikia lile "mwanangu ana dawa yake" na macho yakaukimbilia mlango. Dawa yenyewe wakati huo ilikuwa haijaua hata bakteria mmoja.

Mtu wa Msambweni huna haja ya kumweleza singo ya Bi Mishi. Bi harusi akikaribia siku yake, anawekwa ndani, anasingwa mwili mzima kwa mchanganyiko wa liwa, manjano, karafuu, maua makavu na marashi, mpaka ngozi inateleza na mtaa mzima unanukia. Bi Mishi ndiye aliyekuwa mwenye mkono wa kazi hiyo kwa miaka, na ya mwanawe mwenyewe ilikuwa lazima iwashinde wote. Alimtuma Zulekha Kombani akachague manjano kwenye soko, manjano nzito, ya kuvunja uone rangi ya yai. Halafu lile jiwe lake la kusagia likaanguka kutoka juu ya kabati, likapasuka vipande viwili. Akalitazama, akakaa chini, akaanza kulia. Kidole hakikumliza, jiwe ndilo lililomliza.

"Mama, nyamaza. Nitakuletea kinu," akasema Zulekha, na alikuwa ameshafika njiani kabla hajaulizwa kinu gani.

Kilikuwa kinu cha maabara, cha kauri nyeupe, na mchi wake. Humo ndimo alimosagia vipande vya dawa vikiwa vigumu, mpaka viwe unga laini, kisha akatia spiriti viyeyuke. Mkuu wao, Profesa Eunice, alikuwa na amri moja tu asiyoitania: chombo cha maabara hakitoki nje ya maabara. Zulekha aliifahamu amri hiyo vizuri, alikuwa akiwasomea wengine. Lakini mamake alikuwa analia, na ilikuwa Ijumaa, na profesa alikuwa Mombasa, na kinu chenyewe si mali ya sultani. Alikizungushia khanga akaondoka nacho.

Singo ikasagwa. Ikawa laini kama poda ya mtoto. Mwanamkuu akasingwa, akang'ara, mashangazi wakapiga vigelegele, harusi ikapita salama, na Bi Mishi akacheza kwa mguu mmoja na nusu. Zulekha alikiosha kinu kwa sabuni, akakisugua kwa majivu, akakiosha tena, kikawa cheupe pe. Akakirudisha rafuni na hakuna aliyejua.

Jumatatu yake alisaga dawa mpya humo. Ilikuwa dawa ya rangi ya njano, kama zilivyokuwa zote. Akatia spiriti, akaidondoshea kwenye visahani vya bakteria, na kwenye kisahani kingine akatia spiriti tupu ya chupani, ili alinganishe. Akaweka chini ya hadubini, akainama.

Kijani! Bakteria wa mguu wa mamake walikuwa wanawaka kijani, vishada kwa vishada, mmoja mmoja unaweza kumnyooshea kidole. Akawamulika mwanga wa buluu. Akatia ile rangi nyekundu ambayo humwingia kiumbe aliyekufa tu. Wote wakawa wekundu. Na kwenye kile kisahani cha spiriti tupu, giza, hakuna kitu, wazima wa afya.

Alipiga ukelele Tsofa akadhani kaungua.

"Njoo uone! Njoo, njoo, njoo!"

Tsofa akainama, akarekebisha hadubini, akainama tena. "Wallahi leo mwali ametoka," akasema, na yeye hata si Mwislamu.

Kulikuwa na jambo dogo. Kwenye kisahani cha tatu walikuwa na seli za ngozi ya mtu, ambazo dawa ilitakiwa iziache, na zile nazo zilikuwa na ukijani kidogo. Tsofa akamwonyesha. "Mabaki hayo," Zulekha akasema, "hatukuosha vizuri." Alilisema upesi sana. Profesa Eunice aliporudi naye akatazama, akavua miwani, akaivaa tena, akasema ni kizuri, kizuri sana, na kwamba sasa arudie. "Rudia mpaka uchoke, Zulekha, ndipo tuzungumze."

Kurudia ni kungoja, na Zulekha tunamjua. Alasiri hiyohiyo alikuwa uani kwa mamake, buibui halijatulia mabegani.

"Mama, imefaulu. Wale wa mguu wako wamekufa wote."

Bi Mishi alipiga kigelegele kimoja kirefu, jirani akachungulia juu ya ua. Kisha akamshika binti yake mikono na kumuuliza swali la watu wazima: "Sasa niambie wewe uliyesoma. Kesho natakiwa hospitali. Nikakatwe, au ningoje?"

Ilikuwa nafasi ya kusema sijui. Ilikuwa nafasi ya kusema, mama, kutoka kisahani mpaka mguu wa mtu kuna miaka. Yote hayo aliyajua na angeweza kuyasema hata usingizini. Lakini uso wa mamake ulikuwa umefunguka kama ambavyo hakuuona tangu msiba wa baba, na yeye mwenyewe moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha.

"Ngoja kidogo, mama," akasema.

Akarudia. Mara ya pili bakteria waliwaka, lakini kwa uvivu, na nusu yao wakabaki hai. Akasema ni joto. Mara ya tatu walikuwa kama nyota za mawingu. Akasema ni taa, taa imechoka, akabadilisha taa. Kisha stima ikakatika na friji ikapata moto, akapata la kusingizia kwa juma zima. Halafu ikafika siku akainama kwenye hadubini asione kitu. Giza. Akatengeneza dawa upya, giza. Akalea bakteria wapya, giza. Akamgombeza Tsofa kwamba anafungua mlango ovyo na kuwaamsha wanawali. Tsofa akamtazama tu, hakutania, na hilo likamtia hofu kuliko yote.

Hakulala vizuri, hakula vizuri. Alitembea. Alitoka maabara akaenda mpaka barabarani akarudi, akaenda tena. Wenye tuktuk wakawa wanasimama kumuuliza anakwenda Ukunda au vipi, naye akageuka kurudi alikotoka.

Na nyumbani kila jioni swali ni lilelile. "Dawa imefika wapi, mwanangu?"

"Bado kidogo, mama."

Bi Mishi alikuwa ameanza kufukiza udi mchana. Mwanzoni Zulekha alidhani ni furaha za baada ya harusi. Kaka yake, Tofiki, mwendesha tuktuk wa Diani, ndiye aliyesema wazi: "Huu udi ni wa kufunika harufu. Hebu muangalieni mguu huyu mama." Bi Mishi akamkatiza: kila mtu ashike lake, mguu una mwenyewe, na mwenyewe anangoja dawa ya Zulekha. Tofiki akamgeukia nduguye. Zulekha akaangalia saa, akasema amesahau kitu kazini.

Mara hii alipofika maabara alijilazimisha kukaa. Akakishika kiti kwa mikono miwili. Akaanza kuyapanga mambo ya ile Jumatatu, moja moja: bakteria walewale, spiriti ileile, taa ileile. Dawa ilitengenezwa vilevile, ikasagwa vilevile. Ikasagwa.

Aliinua macho akakitazama kinu rafuni.

Kilikuwa cheupe kama meno ya mtoto. Akakishusha, akazima taa nyekundu, akakimulika kwa taa ya buluu. Chini kabisa kilikuwa na ufa mwembamba ambao hajawahi kuujali, na ndani ya ufa ule kulikuwa na mstari wa kijani, unang'aa.

Manjano haitoki kwa maji. Haiyeyuki kwenye maji, sugua utakavyo, tia majivu utakayo. Lakini ipe spiriti, inatoka mbio. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Na manjano chini ya mwanga wa buluu huwaka kijani, tena ina uwezo wa kuua bakteria kwenye kisahani ikimulikwa, hilo nalo limeandikwa vitabuni na yeye amevisoma. Hakukisia tu, alihakikisha. Akatia spiriti ndani ya kinu kitupu, akaiacha, akazunguka jengo kwa miguu, akarudi, akakuta rangi ya njano hafifu. Akawadondoshea bakteria. Wakawaka. Wakafa. Kisha akaichukua dawa yake mwenyewe, ya miaka yote ile, akaiyeyusha ndani ya gilasi mpya ambayo haijaguswa na kitu, akawadondoshea. Hawakuwaka wala hawakufa. Dawa yake haikuwahi hata kuingia ndani. Kila aliposaga, spiriti ilikuwa ikikiosha kinu kidogo zaidi, na muujiza wake ukapungua mpaka ukaisha.

Alicheka. Tsofa alimsikia kutoka chumba cha pili, akaja, akamkuta anacheka na machozi yanamtoka.

"Ni singo," akamwambia. "Tsofa, ilikuwa singo ya Mwanamkuu."

Alikwenda kwa Profesa Eunice na kinu mkononi, akamweleza yote: jiwe lililopasuka, khanga, Ijumaa. Profesa alimsikiliza bila kumkatiza. Alikasirika, na hakuficha. Alimwambia kwamba amevunja amri aliyokuwa akiwasomea wengine, na kwamba majuma yote hayo yamekwenda na maji. Halafu akauliza lililokuwa likimsumbua: "Umewaambia watu wangapi kwamba ilifaulu?"

"Mama tu."

Profesa akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, kama msemavyo. Nilidhani umeshawaandikia wale wenzetu watafiti wa ng'ambo. Mama si neno."

Zulekha akatoka bila kuaga.

Alimkuta Bi Mishi uani, mguu umewekwa juu ya kigoda, umefunikwa khanga. Udi unafuka. Akamwamkia shikamoo, akaketi chini kwenye mkeka, akaketi kabisa, na Bi Mishi akajua kuna jambo kwa kuona tu ameketi.

"Mama, siku ile nilikwambia imefaulu. Haikuwa dawa yangu. Ilikuwa singo yako. Ilibaki ndani ya kinu, ikachanganyika na dawa, ndiyo iliyowaka na kuwaua wale bakteria. Dawa yangu haifanyi lolote."

Bi Mishi alimtazama, akamtazama, na kile ambacho Zulekha hakukitarajia ndicho kilichokuja: uso ukachangamka.

"Singo yangu? Singo hii hii ya mikono yangu?" Akapiga makofi. "Kumbe dawa ninayo mwenyewe! Zule, kwenye kopo la bati kuna iliyobaki. Ilete. Nipake hapa, unitoe kwenye jua nikae."

Na usimcheke Zulekha, kwa sababu kwa kitambo kidogo alisimama. Alisimama kweli akatazama upande wa kabati. Angeipaka na angemulika kwa taa ya maabara badala ya jua, na nani ajuaye? Kisha akapiga magoti, akaiondoa khanga mguuni.

Hakuwa ameuangalia tangu harusi. Sasa aliuangalia. Kidole kilikuwa cheusi kote, na weusi ulikuwa umevuka kidole, umeingia unyayoni, na juu yake wekundu umepanda kuelekea kifundo. Mwanga hauendi huko. Mwanga unapita ngozi kidogo tu ukachoka. Ubaya huu ulikuwa umeshafika mfupani.

"Mama, singo haiponyi hii. Kwenye kisahani ni mambo mengine. Huku ndani mwanga haufiki."

"Wewe paka tu. Si umesema waliwaka?"

"Haiponyi, mama."

"Hujawahi kunidanganya, Zulekha. Ulisema ningoje, nimengoja. Sasa nangojea unipake."

Alitaka kumweleza tena, vizuri zaidi, kwa mifano. Lakini aliona kwamba maelezo ndiyo yaliyomfikisha mamake hapo. Kila akieleza, mama anazidi kumwamini. Kilichokuwa kimebaki ni kuivunja ile imani yenyewe, na ilikuwa kitu pekee ambacho Bi Mishi alijivunia mtaani.

"Mama, nisikilize. Mimi sina dawa. Sina. Sikuwa nayo siku ile na sina leo. Nilikwambia ungoje kwa kuwa nilitaka sana iwe kweli, na nikaona raha ulivyonitazama. Nilikosea, na ninaogopa, mama. Ukikaa hapa utakufa."

Moshi wa udi ukaendelea kupanda. Jirani alikuwa anasonga sima, mwiko unasikika. Mwishowe Bi Mishi akauvuta mguu taratibu akaufunika.

"Mwite Tofiki aje na tuktuk," akasema. "Na unipe buibui, lile zuri."

Hospitalini daktari alikuwa yuleyule. Aliuondolea mguu khanga, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akauliza hapa unasikia, hapa je. Kisha akawatazama wote waliokuwa chumbani, Bi Mishi kitandani, Tofiki na Mwanamkuu wamesimama ukutani, Zulekha pembeni ya mto.

"Nilisema kidole," akasema. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Mngekuja siku ile ningetoa kidole, na bibi angetembea kwenda sokoni. Sasa ni chini ya goti. Na ni leo. Kwa nini hamkumleta?"

"Ni mimi," Bi Mishi akadakia, kabla mtu hajapumua. "Mimi ni mbishi, daktari, waulize hawa. Huyu mwanangu msomi kila siku alinisihi nije, alinililia, nami nikakataa. Kosa ni langu peke yangu."

Mwanamkuu akaanza kulia. Tofiki akamsogelea Zulekha akamwekea mkono begani, mkono wa kumpa pole, na chini ya shuka vidole vya Bi Mishi vikavitafuta vya Zulekha, vikavibana mpaka vikauma. Nyamaza, vilisema. Imekwisha, nyamaza. Na angenyamaza, hapana mtu duniani ambaye angekuja kujua.

"Si kweli," Zulekha akasema. "Aliniuliza aje au angoje. Mimi ndiye niliyemwambia angoje."

Mkono wa Tofiki ukatoka begani. Akafungua mlango akatoka nje, na wakamsikia akitembea kwenye ukumbi mpaka hatua zikapotea. Daktari akainamisha kichwa akaandika.

"Nilikubana mkono, hukusikia?" Bi Mishi akanong'ona, amekasirika kweli.

"Nilisikia, mama."

"Ndugu yako hatakusamehe upesi."

"Najua."

Bi Mishi akafumba macho. Hakuuachia ule mkono. Walikaa hivyo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Zulekha akaona angependa kungoja zaidi, angoje hata mwaka, ilimradi mlango usifunguliwe. Ukafunguliwa. Waliingia wawili na kitanda cha magurudumu, wakamhamisha Bi Mishi, wakamsukuma. Penye mlango wa chumba cha upasuaji muuguzi mmoja akageuka, akamkabidhi Zulekha viatu vya mamake, vyote viwili.